Mama Balbu na Paa la Mdogo Wake

Habari ilimkuta juu ya ngazi. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika holda ya taa, bisibisi ameiuma menoni, na Mkurugenzi wa makumbusho amesimama chini yake na karatasi mkononi, uso wake kama wa mtu anayeleta zawadi.

"Mama Balbu, shuka kidogo. Mshindi wa mchoro wa paa jipya amepatikana. Kumbe ni mdogo wako wa tumbo moja! Mbona hukutuambia una ndugu wa aina hii?"

Alitoa bisibisi mdomoni. "Hamkuniuliza," akasema, akaendelea kukaza skrubu iliyokuwa tayari imekaza, mpaka kichwa cha skrubu kikakatika.

Walinzi ndio waliompa jina hilo, naye alilizoea kiasi kwamba barua za ofisini zilizoandikwa jina lake halisi alizipita mezani akidhani ni za mtu mwingine. Alikuwa fundi umeme wa makumbusho yale kwa miaka ishirini na minne. Ukumbi mkubwa peke yake ulikuwa na taa sitini na nne, na kila moja aliijua tabia yake: ipi inanung'unika kabla ya kuungua, ipi ikiinamishwa kidogo tu mgeni anajiona uso wake kwenye kioo cha kabati badala ya kuona kilichomo ndani. Kazi yenyewe ilikuwa na ubaya mmoja. Taa ikimulika vizuri, hakuna anayeiona. Watu wanaona chungu, wanaona picha, wanaona mkeka wa kale, wanakwenda zao. Ikizimika, ndipo jengo zima linauliza fundi yuko wapi. Katika miaka yote hiyo hakutokea mgeni hata mmoja aliyeinua kichwa akauliza mwanga ule umepangwa na nani.

Sasa dari ya ukumbi ilikuwa imeoza kwa kuvuja, na wakubwa wakaamua kwamba badala ya kuiziba tena, waweke paa la vioo, mwanga wa mchana ushuke wenyewe. Na wa kuushusha alikuwa Kitinda.

Kitinda ndiye kitindamimba wa mama yao. Walipishana miaka kumi na mitatu, na Mama Balbu alimbeba mgongoni mpaka akajua uzito wake kuliko uzito wa ndoo ya maji. Mtoto akakua, akasoma, akawa msanifu majengo, akahamia mji mwingine. Mama yao alibaki kwa mkubwa. Mama Balbu ndiye aliyemkata kucha, ndiye aliyemtia dawa jichoni tangu alipotolewa mtoto wa jicho, ndiye aliyegombana naye kuhusu chumvi. Lakini anayepiga simu Jumapili alikumbukwa wiki nzima; anayechemsha maji ya kuoga kila asubuhi alikumbukwa siku yalipokuwa ya baridi.

Jioni hiyo alipofika nyumbani, mama yake alikuwa tayari anajua.

"Umesikia habari za mwenzio? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Yule mtoto kasoma, yule!"

"Na mimi nimesimama juu ya ngazi miaka ishirini na minne, Mama."

"Nani kakataa? Kwani nimekutaja wewe?"

Ndilo lililomchoma hasa. Hakutajwa.

Kitinda alikuja mwezi uliofuata na boksi kubwa la karatasi ngumu. Ulikuwa ukumbi mzima umepunguzwa ukawa wa kubebeka: kuta, mlango, hata makabati ya maboksi ya kiberiti. Paa lake lilikuwa na meno kama msumeno, vioo vikiwa vimelala ubavu, na chini ya vioo mbao nyeupe zimepangwa kama mbavu. Aliwaita watu wa ofisini mmoja mmoja waweke jicho kwenye tundu dogo huku yeye akizungusha tochi juu, ndiyo jua.

"Jua lenyewe haliingii," alieleza. "Linagonga mbao kwanza, linapoa, halafu ndipo linashuka. Kitu hakiungui, rangi hazipauki, na mtu haumii macho. Na hapa mlangoni nimeweka njia fupi yenye giza kiasi. Mtu anatoka nje macho yamejaa jua. Ukimwingiza moja kwa moja, ukumbi atauona kama pango. Akipita kwenye giza hatua kumi na mbili, macho yanatulia, na akitokeza ukumbini atadhani mbingu imefunguliwa."

Mkurugenzi alikaa na jicho tunduni mpaka wenzake wakamvuta shati. Mama Balbu alipofika zamu yake alitazama kidogo. Ulikuwa mzuri. Alitamani usiwe mzuri, akatafuta kasoro kwa jicho la kulia, akabadili la kushoto, akakosa. 

Watu walipotawanyika, Kitinda alimfuata kwenye chumba chake cha vifaa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Dada, nimepima kila kitu, lakini kupima si kuishi. Wewe ndiye unayeujua ule ukumbi. Kuna jambo lolote nisilolijua?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa na urefu wa kiganja. Katikati ya ukumbi kulikuwa na vipandio vitatu vya jiwe jeupe, vya kushukia upande wa picha. Mwaka wake wa pili kazini Mama Balbu mwenyewe aliwahi kuporomoka pale, akagundua kwamba mwanga ukitoka juu tu, vipandio vinapotea. Jiwe linaonekana bapa moja kama shuka iliyotandikwa. Kinachoonyesha kipandio ni kivuli chake. Basi alifunga taa ndogo ya urefu huo wa kiganja ukutani, chini kabisa, ikimulika kwa ubavu, na kila kipandio kikapata mstari wake mweusi. Hakumwambia mtu. Taa ile haikuwa kwenye mchoro wowote wa jengo.

Alimtazama mdogo wake, viatu vyake visivyo na vumbi, kalamu tatu mfukoni.

"Mimi ni mtu wa balbu tu," akasema. "Wewe ndiye msomi."

Kitinda alisubiri kidogo, akaona hakuna la zaidi, akainuka. Wiki mbili baadaye nyaya za zamani zilipong'olewa, Mama Balbu aliifungua taa ile kwa mkono wake mwenyewe, akaikunja waya, akaitia kwenye droo.

Ukumbi ulifunguliwa baada ya miezi tisa. Mama Balbu alisimama pembeni, amekunja mikono, akitazama watu wanavyotokeza kwenye ile njia ya giza. Kila mmoja alifanya vilevile: anasimama, anavuta pumzi, anainua kichwa. Waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Waliokuwa na haraka walipunguza mwendo. "Wameupanua ukumbi?" mwanamke mmoja alimuuliza mumewe. Haukuongezwa hata unene wa kidole. Wingu lilipopita juu, kuta zilififia taratibu kisha zikarudi, na watu wote wakatazama juu kwa pamoja kama kuku waliosikia kitu angani.

Yote hayo angeyameza. Lililomshinda ni kitambaa. Kulikuwa na picha kubwa ya mwanamke anayesuka nywele za mtoto, na amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Mama Balbu alikuwa ameimulika picha ile maisha yake yote ya kazi. Siku ile alipita mbele yake na kusimama. Kitambaa hakikuwa cheusi. Kilikuwa cha kijani kibichi, kijani cha jani la mgomba lililotoka mvuani, na ni taa zake za rangi ya samli zilizokifanya cheusi kwa miaka ishirini na minne. Alihisi kama ameambiwa mbele za watu kwamba alikuwa amevaa nguo nje ndani tangu ujana wake.

Kuanzia hapo akawa anasoma kitabu cha wageni kila jioni kabla ya kufunga. Mwanga. Mwanga wa ajabu. Hongera aliyebuni mwanga. Aliwahi kugeuza nyuma mpaka kurasa za miaka iliyopita, akatafuta neno "taa". Alilipata mara moja: Taa ya chooni haiwaki.

Kuhusu vipandio, alikuwa amehakikisha tangu siku ya kwanza. Alisimama juu yake saa sita mchana, akatazama chini, akaona jiwe bapa. Mwanga wa Kitinda ulikuwa laini mno, umetoka kila upande, hauna kivuli. Tena ulikuwa na ubaya wa pili ambao hata yeye hakuutarajia: uliwafanya watu watembee wakitazama juu.

Akaanza kuhesabu. Wiki ya kwanza, watu wanne walijikwaa. Ya pili, saba. Walitapatapa, wakacheka kwa aibu, wakaendelea. Kila mmoja alipojikwaa, kitu fulani kifuani mwa Mama Balbu kilikaa sawa, kama mtu aliyekunwa mgongo mahali asipofika mwenyewe. Alijiambia kwamba kila mtu ana macho yake. Alijiambia kwamba hakuna aliyemuuliza, akasahau makusudi kwamba aliulizwa.

Kitinda alipiga simu. "Dada, watu wanasemaje?"

"Wanasifu tu."

"Hakuna malalamiko?"

"Malalamiko ya nini, na wewe umeleta mbingu?"

Mwezi wa pili alianguka mwalimu mstaafu, mzee mwembamba aliyekuwa akija kila Jumatano na daftari lake kuchora vyungu. Alishuka kama hakuna kitu pale, na kweli machoni pake hapakuwa na kitu. Goti lilivimba, miwani ikavunjika. Mama Balbu ndiye aliyemletea maji na kumshika bega mpaka gari likaja. Kwenye taarifa mlinzi aliandika: mgeni alijikwaa. Mama Balbu alisoma, akairudisha. Alikuwa na nafasi ya kusema hapo. Alishika mlango wa Mkurugenzi kabisa, akasikia ndani wanazungumza jinsi mdogo wake alivyoalikwa kwenda kuhutubia mafundi wa nchi nyingine kuhusu paa lile. Akauachia mlango. Jumatano iliyofuata mwalimu hakuja, wala ile nyingine, wala mwezi mzima uliofuata.

Ndipo mama yao akasema anataka kuona kazi ya mwanawe.

Kitinda alisafiri kuja kumchukua. Mama alivaa nguo yake nzuri, akajipaka mafuta, akaulizia mara tatu kama kioo cha juu hakiwezi kumwangukia mtu. Mama Balbu aliwatangulia kazini kama kawaida yake. Miaka ishirini na minne, alikuwa akiwaza akiwa ndani ya basi, Mama hajawahi kukanyaga kule. Leo kwa sababu ya paa!

Walitokeza kwenye njia ya giza saa tano asubuhi, Kitinda amemshika mama mkono. Mama alisimama kama wengine wote, akavuta pumzi.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu, hii ni kazi ya mikono yako?"

Mama Balbu, aliyekuwa karibu na kabati la mikeka, aliliona lile tabasamu. Tabasamu hilo hakuwahi kupewa yeye, si kwa mshahara wa kwanza, si kwa maji ya kuoga, si kwa dawa ya jicho. Kitinda akauachia mkono wa mama ili aonyeshe mbavu za mbao, anazungumza, kichwa juu. Mama anafuata, kichwa juu, jicho moja zuri na moja la kubahatisha. Wanasogea kuelekea kwenye picha.

"Mama! Kipandio!"

Mama Balbu alikuwa amekwisha kuruka kabla ya kumaliza neno. Mguu wa mama ukakanyaga hewa, mama akaja mzima mzima, na Mama Balbu akampokea kwa kifua. Wote wawili walishuka vipandio vile kwa mgongo wa Mama Balbu. Mkono wake wa kushoto ulibaki chini, na ukumbi uliokuwa kimya sana ukausikia ukivunjika.

Kwenye zahanati walimfunga plasta ngumu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Mama hakuwa na hata mchubuko. Aliketi kwenye benchi, mkoba mapajani, akimtazama binti yake mkubwa kwa muda mrefu.

"Wewe," akasema. "Ulipiga kelele kabla sijakosea."

"Nilikuona, Mama."

"Hapana. Nilikuwa bado natembea vizuri. Ulijuaje kwamba nitaanguka?"

Kitinda, aliyekuwa akifunga dawa kwenye bahasha, akageuka. Mama Balbu alitazama plasta yake. Uongo ulikuwapo, tena mwingi, lakini alikuwa amechoka kuubeba.

"Vile vipandio havionekani," akasema. "Havina kivuli. Zamani kulikuwa na taa yangu ndogo pale ubavuni. Niliitoa."

"Umejua tangu lini?" Kitinda aliuliza.

"Tangu ulipokalia ndoo yangu ukaniuliza."

 Mhudumu alipita na ndoo ya kupigia deki, akawaomba wainue miguu, wote watatu wakainua.

"Yule mwalimu aliyeanguka," Kitinda akasema polepole. "Niliambiwa. Nilirudia hesabu zangu wiki nzima, Dada, nikitafuta nimekosea wapi. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Kama unanichukia, nichukie mimi. Yule mzee alikukosea nini?"

 Kitinda alichukua mkoba wake akatoka, na wakamsikia akilia huko barabarani, kilio cha hasira, kama alivyokuwa akilia mgongoni alipokuwa mdogo. Mama alibaki kwenye benchi.

"Mbona hukuwahi kunialika nikaone taa zako?" akauliza.

"Ningekualika uone nini, Mama? Balbu?"

"Ningekuja," mama akasema. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Na mimi sikuuliza."

Siku iliyofuata Mama Balbu aliingia kwa Mkurugenzi na mkono wake kwenye kitambaa cha shingoni, akaeleza yote bila kupunguza. Alipewa barua ya onyo, na safari hii aliisoma, jina lake halisi likiwa juu kabisa. Vipandio vikazungushiwa kamba. Kisha akaomba anwani ya mwalimu.

Alimkuta sebuleni, mapazia yamefungwa, goti limewekwa juu ya kigoda. Daftari lake la michoro lilikuwa chini ya rundo la magazeti. Mama Balbu alieleza akiwa amesimama, kwa kuwa aliogopa akiketi hatamaliza. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si macho yangu?" akauliza.

"Si macho yako, Mwalimu. Hakuna macho ambayo yangeona."

"Nimekaa humu miezi miwili nikiamini nimeanza kupofuka. Nimeacha kuchora. Nimeacha kuvuka barabara. Hata chai najaza nikipima kwa kidole." Alivua miwani mipya, akaifuta kwa shati. "Goti nimekusamehe, mama. Goti litapona. Hilo la macho, nipe siku kidogo."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, naye hakuomba kuambiwa. Alirudi kwa miguu, na njia nzima hakufikiria juu ya Kitinda hata mara moja. Alikuwa hajawahi kukaa muda mrefu hivyo bila kumfikiria tangu habari za paa zilipoanza.

Kazi ya vipandio ilichukua siku nne. Kitinda alirudi kwa ajili yake, akasalimia kama mtu wa ofisi nyingine, na wakaanza. Kwa mkono mmoja Mama Balbu hakuweza kufunga taa, kwa hiyo alielekeza, na msanifu majengo alilala kifudifudi sakafuni na bisibisi, suruali yake nzuri ikisugua jiwe.

"Chini zaidi. Hapana, hiyo inamulika uso wa kipandio. Unataka imulike mdomo wake."

"Nikishusha zaidi itampiga mtu machoni akitokea chini."

"Basi ikinge kwa kibati. Unatengeneza kofia ndogo. Mimi nilitumia kopo la maziwa."

"Kopo la maziwa! Kwenye ukumbi huu?"

"Miaka ishirini na miwili hakuna aliyeliona."

Kitinda alicheka bila kutaka, akakumbuka amekasirika, akaacha. Siku ya nne waliwasha. Mistari mitatu myembamba ikatokea kwenye jiwe, na mtoto aliyekuwa akipita akashuka kimoja, kingine, kingine, akihesabu kwa sauti. Mwanga wa juu haukupungua uzuri wake. Mama Balbu alitazama juu, kisha chini, na wivu ukamchoma palepale ulipozoea kumchoma. Alikuwa ametegemea kwamba akitubu utaondoka. Haukuondoka. Ulikaa kama mpangaji mkorofi, lakini walau sasa alijua chumba unacholala.

Mwalimu alirudi baada ya wiki tano. Alimpita Mama Balbu kwa kumwinamishia kichwa tu, akaenda kwenye vyungu vyake.

Na Kitinda hakupiga simu Jumapili kwa muda mrefu. Alipopiga, alizungumza na mama peke yake. Mpaka siku moja ya kazi, katikati ya asubuhi, simu ya Mama Balbu mwenyewe ikalia.

"Dada. Nina maktaba ya shule hapa mezani. Nimeweka madirisha sita ya paa. Nieleze yote, usibakize."

"Meza za kusomea ziko wapi?"

"Chini ya madirisha, ndiyo maana yake."

"Mtoto akiinamia kitabu chini ya mwanga wa juu, kichwa chake kitaweka giza kwenye ukurasa. Sogeza meza."

"Siwezi kusogeza, kuna nguzo."

"Basi sogeza madirisha."

"Madirisha hayasogezwi kama mikeka, Dada!"

"Kwani kalamu zako tatu ni za nini?"

Kitinda akapandisha sauti, Mama Balbu akapandisha zaidi, mlinzi akachungulia mlangoni kuona nani anagombana na nani. Walibishana mpaka simu ikapata joto sikioni, kila mmoja akisema mwenzake haelewi chochote kuhusu mwanga, na hakuna kati yao aliyekata.